Nikimuuliza kuhusu kifo, sitamtia wazo?

*Dada, binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu hapa Tanga. Tangu shule zifunguliwe amebadilika. Alikuwa akiwasuka wadogo zake twende kilioni kila Jumapili; sasa ni wiki ya tano hajawagusa. Chakula anakichezea kwenye sahani. Nikimsemesha ananijibu, "Mama, mimi nina sonona," neno la ugonjwa wa huzuni nzito alilolitoa TikTok, maana kutwa yuko huko. Mama mkwe wangu anasema mtoto wa umri huo hana la kumpa mawazo, hilo ni jicho, asomewe. Juzi nimekuta nyuma ya daftari lake la Biolojia ameandika: "Natamani nilale nisiamke." Nimelirudisha kama lilivyokuwa. Naogopa kumuuliza, nisije nikamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Nifanye nini?*
*Mama mwenye hofu*

Mama mwenzangu, muulize. Muulize leo hii, kabla hamjalala.

Hofu yako nimeikuta kwa wazazi wengi, na hata kwa walimu: kwamba ukikitaja kifo mbele ya mtoto mwenye huzuni, umemwonyesha njia. Watafiti nao walijiuliza hivyo hivyo, wakaenda kupima. Mwaka 2014 watafiti wa King's College London walizipitia tafiti zilizokwisha kufanywa kuhusu jambo hili, za vijana na za watu wazima, za wagonjwa na za watu wa kawaida. Hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba kuulizwa kunamzidishia mtu mawazo ya kujiua. Waliona hata dalili kwamba kuulizwa kunaweza kuyapunguza. Hata lile dodoso la maswali tisa linalotumika sehemu nyingi duniani kupima sonona, PHQ-9, swali lake la mwisho linauliza waziwazi kama mtu amewaza kwamba ni heri afe au ajidhuru. Wahudumu wa afya wanaliuliza kila siku. Na kwa binti yako, wazo lishaandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kilichobaki ni kama analibeba peke yake au analibeba na wewe.

Usimwite sebuleni ukamkalisha kama mshitakiwa. Kaeni ubavu kwa ubavu, mikono ikiwa na kazi. Mimi swali hili nilimuuliza mpwa wangu tukimenya vitunguu. Kisu kilisimama. Akakaa kimya muda mrefu, macho kwenye sinia, halafu akasema, "Kumbe hili mtu anaweza kuulizwa?" Ndipo akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka magharibi.

Mwambie kwa lugha yenu ya nyumbani: "Mwanangu, naona huli, na wadogo zako huwasuki tena. Mtu akichoka hivi kuna wakati anawaza kufa. Wewe umewaza?" Kisha nyamaza. Usimjazie jibu, usimsaidie kusema hapana.

Akisema ndiyo, usimwambie ni dhambi, usimwambie anataka kukuua kwa presha. Mshukuru kwa kukuambia. Kisha muulize kama amefikiria atafanyaje, na lini. Ukisikia ana mpango, usimwache peke yake hata kidogo, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Na hata akisema hapana, dawa zote za nyumbani, sumu ya panya na dawa za shamba zifungie, ufunguo ukae kwako. Wimbi la namna hii mara nyingi huja na kupita, na mtoto akikosa cha kujidhuru nacho kwa saa chache hizo, anaweza kuliona jua likichomoza.

Sasa hiyo TikTok. Hapa hofu yako ina chembe ya ukweli, na sitaipuuza. Mwaka 2023 wanasaikolojia Lucy Foulkes na Jack Andrews walitoa dhana kwamba kampeni nyingi za afya ya akili huenda zinawafanya baadhi ya vijana waite ugonjwa kile ambacho ni majonzi ya kawaida ya ujana, na wakishajiita wagonjwa, wakaanza kuishi kama wagonjwa. Uingereza walijaribu kuwafundisha watoto mazoezi ya kutuliza fikra madarasani, shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000. Majibu yalipotoka mwaka 2022, watoto hao hawakuwa na nafuu kuliko wenzao walioendelea na masomo yao ya kawaida. Kwa hiyo si kila maneno kuhusu akili ni dawa.

Lakini tofautisha. Kumbandika mtoto jina la ugonjwa ni jambo moja, kumuuliza hali yake ni jingine. Neno "sonona" kalitoa TikTok, sawa. Wali anaouacha hakuutoa TikTok. Usibishane naye kuhusu jina. Ukimwambia "huna sonona wewe, umeiga," atasikia kwamba umemwita mwongo, na mlango utakuwa umefungwa. Muulize habari za siku zake: analalaje, anaamka saa ngapi, kipi kilikuwa kinamfurahisha na sasa hakimfurahishi, tangu lini. Wataalamu huanza kuangalia kwa makini hali hizo zikidumu wiki mbili. Ninyi mna wiki ya tano, na daftari. Jina mwachieni daktari.

Mama mkwe wako usigombane naye. Anampenda mjukuu wake, na dua haina ubaya, asomewe. Ila asisomewe badala ya hospitali. Na lile la kwamba mtoto wa umri huo hana la kumpa mawazo, mweleze taratibu kwamba sivyo. Mwaka 2022 zilijumlishwa tafiti 192 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ikaonekana umri ambao matatizo ya akili huanza kwa wingi zaidi ni miaka 14 na nusu. Theluthi moja hivi ya wenye matatizo hayo walikuwa tayari wameanza kuumwa kabla ya kutimiza miaka 14. Binti yako yuko katika umri wenyewe.

Nahisi pia kuna hofu nyingine hukuiandika: kwamba ukimpeleka atapewa vidonge vya kumlewesha au atalazwa na watu wamwite chizi. Ngoja nikusimulie la jirani zetu. Huko Kenya kuna mpango unaitwa Shamiri. Waliwachukua wanafunzi 413 wa sekondari ambao tayari walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi, wakawagawa. Kundi moja lilikutana mara nne, saa moja kila wiki, likiongozwa na vijana waliomaliza sekondari tu, si madaktari. Hawakukaa wakizungumzia ugonjwa. Walizungumza jinsi mtu anavyobadilika na kukua, walichonacho cha kushukuru, na mambo wanayoyathamini maishani. Wenzao walifundishwa mbinu za kusoma kwa muda huohuo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kundi la kwanza lilipata nafuu zaidi, kwa sonona na kwa wasiwasi pia. Nakuambia haya ujue kwamba mazungumzo nayo ni tiba. Ila binti yako, kwa lile aliloandika, aanze kwa mtaalamu. Nenda naye hospitali ya mkoa wiki hii, ulizia kitengo cha afya ya akili, na mwombe daktari azungumze naye akiwa peke yake kwa muda. Usinune ukiombwa utoke nje. Kabla ya hapo, ukikwama, piga 116, simu ya huduma kwa watoto, ni bure, na yeye mwenyewe anaweza kuipiga.

Simu usimnyang'anye kwa hasira. Huenda humo ndimo alimo rafiki pekee anayemjua alivyo. Mkubaliane tu ilale chumbani kwako usiku, na yako ilale hapohapo.

Na lile daftari, usijifanye hukuliona. Mwambie, "Nimelisoma, na sijakukasirikia." Akikasirika yeye, mwache akasirike. Kaa hapohapo kitandani pake.