"Inatazamia", "inaangalia" au "inafikiria" kujiunga?

SWALI: Nafundisha Kiswahili hapa Lamu. Niliwapa wanafunzi waandike habari ya nchi ambayo bado inajiuliza iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki au isiingie. Mmoja aliandika "inatazamia kujiunga", wa pili "inaangalia kujiunga", wa tatu "inafikiria kujiunga". Nani amepatia? (Mwalimu, Langoni)

JIBU: Wa tatu, mwalimu, na alama zote ni zake.

Kutazamia ni kungojea jambo ukiamini litakuja. Nahodha aliyetia nanga Amu mwezi wa Oktoba hutazamia kaskazi, maana pepo hizo lazima zivume, limebaki suala la siku tu. Lakini ikiwa bado anajiuliza asafiri au akae, huyo hatazamii safari, anaifikiria. Aliyeandika "inatazamia" ameshaifikisha nchi hiyo Arusha, makao makuu ya Jumuiya, kabla serikali yake haijaamua.

"Inaangalia kujiunga" ni Kiingereza kilichovaa maneno yetu. Kwetu mtu huangalia kitu, au huangalia kama jambo lina faida.

Nalishikilia hili kwa sababu katika habari za jumuiya kitenzi ndicho kinachosema nchi imefika wapi. Chukua Somalia, jirani yenu. Ukipita Kiunga uko mpakani, na Wabajuni wako pande zote mbili. Mwaka 2012 Somalia iliomba uanachama. Novemba 2023 wakuu wa nchi, katika mkutano wao wa Arusha, waliikubali. Desemba ikatia saini mkataba wa kujiunga, na Machi 2024 ikawasilisha hati ya kuridhia, ikawa mwanachama kamili. Kuomba, kukubaliwa, kutia saini, kuridhia: hatua nne, vitenzi vinne. Mwandishi aliyeandika "Somalia imejiunga" mwaka 2015 alipotosha watu, hata kama sarufi yake haikuwa na kasoro. Mfanyabiashara wa Lamu anayesoma hivyo anaweza kudhani ushuru wa forodha umeshabadilika.

Kuna kosa jingine ambalo hukuliuliza, ila nalikuta kila wiki: "kuungana na Jumuiya". Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, zikawa nchi moja. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya mwaka 2007, na kila moja ikabaki na bendera na rais wake. Kenya, Uganda na Tanzania hazikujiunga wala hazikuungana. Ziliiunda, kwa mkataba wa 1999. Kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba anayejiunga anajitia mwenyewe katika kundi lililokuwapo.

Yule wa pili usimnyime kila kitu. Mwandikie pembeni, "inaangalia kama itafaa ijiunge", umpe nusu ya alama.