Re: Nikivua sweta napigwa shoti, tatizo ni nini?

Mkuu hujarogwa, na hiyo "damu ya umeme" aliyokwambia jamaa hapo juu haipo. Umesema tangu uhamie Iringa ukivua sweta gizani unaona cheche, ukigusa kitasa unastuka, na ulipokuwa Tanga haikuwahi kukutokea. Basi jibu umeshalitoa mwenyewe.

Mimi fundi simu, na mimi nilitoka Tanga nikaja huku mwezi wa saba. Pwani hewa ina unyevu, vitu vinashika utando mwembamba wa maji, chaji (umeme unaojikusanya kwenye nguo na mwili) inavuja taratibu bila wewe kujua. Huku kiangazi hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, umevaa nailoni juu ya tisheti, kila ukijigeuza elektroni (chembe ndogo zenye chaji hasi) zinahama toka nguo moja kwenda nyingine, huku zinazidi kule zinapungua, na hazina pa kutokea mpaka uguse chuma.

Chana nywele kavu na kitana cha plastiki halafu kisogeze taratibu kwenye vipande vidogo vya karatasi. Kikiwa mbali havitikisiki, kikikaribia ghafla vinaruka. Yule Mfaransa Coulomb alilipima hili 1785, umbali kati ya chaji mbili ukipungua nusu nguvu inakuwa mara nne. Na karatasi yenyewe haijachajiwa eti, ila kitana (hasi) kinazisukuma elektroni zake upande wa nyuma kidogo, wa mbele unabaki chanya, na kwa vile wa mbele ndio uko karibu, mvuto unashinda. Angalia vizuri, vingine vikishagusa vinarushwa tena, vimeshapokea chaji ya kitana na hasi kwa hasi hawakai pamoja.

Cheche ya milimita moja tu ni kama volti 3,000. Hufi kwa sababu chaji ni kiduchu na inaisha hapo hapo, sio kama ile 230 ya ukutani inayoendelea kukusukumia.

Ila simu inakufa. Nililetewa moja mbovu maiki tu, nikaifungua nimejikunyata na jaketi la manyoya, nikanyanyua bodi kwa vidole, sikuhisi kitu chochote, kuja kuifunga haiwaki. Nililipa. Sisi tunaanza kuhisi kwenye volti 3,000 huko wakati chipu nyingine chini ya 100 tu kwaheri. Siku hizi navaa mkanda wa mkononi wenye waya wa kwenda ethi (ardhini), na ununue wenye rezista (kifaa cha kupunguza umeme unaopita) ya megaomu 1 ndani, ukivaa waya mtupu halafu ukashika umeme wa ukutani umekwisha.

Wewe vaa pamba, paka mafuta mikono, na kabla ya kitasa shika funguo uguse nayo kwanza, cheche itaruka kwenye funguo kidole kisisikie. Na ukienda kununua petroli na dumu liweke chini sakafuni ndio lijazwe, usijazie juu ya kapeti la buti ya gari.