Uliza Fundi: Dualis ya 2008 au Spacio ya 2005?

Mwezi huu karibu barua zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: gari hili litanisumbua au halitanisumbua? Nimechukua tano. Ya mwalimu imekula nafasi kubwa, wengine mtanivumilia.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Singida mjini. Mkopo wangu umetoka, na kwenye yadi moja huko Dar nimepata magari mawili ya bei karibu sawa: Nissan Dualis ya 2008, nyeupe, safi mno, na Toyota Spacio ya 2005 yenye mikwaruzo kwenye bampa la nyuma. Moyo wangu uko kwenye Dualis. Ofisini wananiambia gia boksi za Dualis hazina maisha. Lakini shemeji yangu anayo, huu mwaka wa nne, hajawahi hata kuisukuma. Mara mbili kwa mwaka huwa tunakwenda ukweni Nzega, watu watano na mizigo. Nimsikilize nani?

Marahaba mwalimu. Shemeji muweke pembeni, ofisini waweke pembeni, na mimi nisikilize kwa tahadhari.

Shemeji ana gari moja. Gari moja lililopona halikuambii kitu kuhusu yaliyobaki, kama vile babu mmoja aliyevuta sigara mpaka miaka tisini. Wa ofisini nao wamesikia kwa mtu aliyeumia, na aliyeumia ndiye anayeongea. Ambaye gari lake linatembea hana cha kusimulia kwenye chai ya saa nne. Sasa njoo kwangu. Ukilifungua daftari langu la gereji utakuta Toyota IST imeandikwa kuliko gari jingine lolote, ukasema kumbe IST ndilo gari bovu kuliko yote nchini. Wapi! Mji umejaa IST, ndiyo maana. Anayeshinda wodini kutwa huona dunia nzima inaumwa, na mimi nashinda wodini mwaka wa ishirini na sita.

Hata hivyo ofisini hawakukudanganya. Gia boksi ya Dualis ni CVT. Ndani yake hakuna gia za kupanda moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma uliopangwa kwa vibati vyembamba mamia, na puli hizo hubana na kuachia kwa presha ya oili. Oili ikichoka au ikiwa siyo yenyewe, presha inayumba, mkanda unateleza, chuma kinasaga chuma. Kule Marekani Nissan wenyewe waliongeza dhamana ya CVT kwa magari ya 2003 mpaka 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haitoi zawadi kama hiyo kwa sababu imeamka na furaha.

Juzi dada mmoja aliniletea Dualis, analalamika kwamba kwenye foleni inatetemeka kama ina homa. Nikachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, nikakifuta kwenye karatasi nyeupe. Oili nyekundu, imeanza kugeuka rangi ya chai iliyokolea, inanuka kama sufuria iliyoungua. Gari hilo linataka oili ya NS-2, ile ya Nissan ya CVT, na kuna fundi alilimwagia ile nyekundu ya gia boksi za kawaida kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Tulipoteremsha sampo, lile bakuli la oili la chini, zile sumaku ndogo za chini zilikuwa zimeota manyoya ya unga wa chuma. Nilipougusa, kidole kiling'aa kama nimeparua dagaa. Dada akaniuliza, "Fundi, si umwage uweke nyingine?" Nikamwonyesha kidole.

Mwalimu, kila gari lina ugonjwa wake. Spacio nayo itaugua. Itakula bushi kwa barabara zetu, itavujisha oili kwenye kava la injini, siku moja koili ya kupeleka moto kwenye plagi itakufa na gari litakohoa. Lakini injini ina koili nne, moja ikifa utafika na tatu kwa kukohoa hivyo hivyo, kesho unaenda dukani mwenyewe na nyingine mkononi. Ugonjwa wa Spacio unabisha hodi wiki nzima. Wa CVT nao hubisha, ila wenye magari wengi hawajui mlio wake, na wakifungua mlango unakuwa tayari umekaa sebuleni.

Halafu fikiria utakukutia wapi. Unarudi kutoka Nzega, saa nane mchana, watu watano, magunia mawili nyuma, unaukwea mlima wa Sekenke. Oili ya gia boksi inapanda joto, kompyuta inaona hatari, inakata nguvu ili kujiokoa. Unakanyaga mafuta, gari linakutazama tu. Nyuma yako kuna semi. Ukiegesha likapoa, litaendelea, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya kwamba yamekwisha.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi ya kishika gari. Piga simu kwenye maduka mawili matatu ya spea Kariakoo, uliza bei ya gia boksi nzima ya mtumba ya Dualis, kisha ya Spacio. Ziandike. Kisha uliza hapo Singida ni fundi gani mwenye mashine ya kuisoma Dualis na aliyewahi kuifungua CVT kwa mikono yake, "naifahamu" haitoshi. Anayeishi Mikocheni, Dar, swali hilo anaweza kulipuuza. Wewe ndilo swali lako la kwanza, kwa sababu lori la kubeba gari kutoka Singida mpaka Dar nalo lina bei.

Ukishanunua, ukabaki na pesa ya hiyo gia boksi benki, pesa ambayo ada ya mtoto haiigusi, chukua Dualis kwa raha zako, ni gari tamu na lina nafasi. Kama mkopo unaishia kwenye kadi ya gari na bima, chukua Spacio na mikwaruzo yake. Wala usijione mjanja kwamba umepata gari changa kwa miaka mitatu kwa bei ile ile. Soko limeshaikata hofu kwenye bei ya Dualis. Siku ya kuuza, mnunuzi wako naye ataikata hofu hiyo hiyo, mara hii kwenye mfuko wako.

Moyo ukikataa, basi liendeshe nusu saa nzima, na lazima lipite kwenye foleni, lipate moto. CVT mbovu ikiwa ya baridi ni mpole kama mwanakondoo. Sikiliza kati ya mwendo wa kilomita 20 na 40 kwa saa: likitetemeka, shuka. Rudisha rivasi kwenye mwinuko. Kisha lipimwe kwa mashine ya Nissan inayosoma uchakavu wa oili ya CVT. Namba ikizidi 210,000 oili imechoka. Ila ukikuta sifuri usipige vigelegele. Mashine hiyo hiyo ndiyo inayoifuta.

Kaka Fundi, mwanangu yuko Toronto ameniambia nisikae tena mbele kwenye gari langu (la Japani, la 2004) kwa sababu ya eabegi za Takata. Gari halina taa yoyote inayowaka. Ananitisha bure? — Mama wa Tabata

Hakutishi bure, dada. Hili ni la aina nyingine kabisa, wala usilipime kwa mizani ya gia boksi.

Takata ilikuwa kampuni ya Japani iliyowatengenezea eabegi Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengine wengi. Kinachoufumua mfuko ni baruti ndogo ya amonia naitreti. Ikikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikipasua kopo lake la chuma na kurusha vipande usoni kwa mtu. Marekani pekee wamekufa zaidi ya watu 20, na kampuni ilifilisika mwezi Juni 2017. Wamarekani walipoanza kuyaita magari warekebishe, walitanguliza majimbo ya joto na unyevu, kama Florida na Hawaii. Sasa niambie wewe, Tabata kuna hewa ya namna gani.

Uwezekano wa yako kulipuka vibaya ni mdogo sana. Lakini haipigi kelele, haivuji, haiwashi taa, na ikitokea hakuna fundi wa kumwita. Jambo la namna hiyo hata likiwa moja katika maelfu mimi silibebi. Chukua namba ya chesisi kwenye kadi. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za kuitafutia namba hiyo kuona kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Mwambie huyo huyo wa Toronto akutafutie, kazi ya dakika tano. Likiwa liliitwa na halikurekebishwa, nenda kwa wakala wa kampuni hiyo hapa nchini na karatasi mkononi. Na tafadhali, usikubali kufungiwa eabegi iliyochomolewa kwenye gari bovu lililolala uwanjani. Hujui imekaa juani miaka mingapi.

Fundi, nimeona gari la 2006, dashibodi inasoma kilomita 68,000. Niamini? — Tanga

Usiamini wala usikatae. Omba karatasi ya mnada wa Japani: hapo kuna kilomita zilizosomwa siku ya mnada na alama ya gari. Ukiona 4 au 3.5 ni gari la kawaida lenye umri wake. Ukiona R au RA, liligongwa likatengenezwa. Karatasi ikiwa "imepotea", angalia mpira wa pedali ya breki. Kilomita 68,000 hazilambi mpira mpaka chuma kitokeze.

Siri yangu moja nikupe. Fungua boneti, fungua na mlango wa dereva, tafuta stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani. Gereji za kule hubandika tarehe na kilomita za kumwaga oili au kubadilisha mkanda. Wachakachuaji wengi hurudisha namba za dashibodi wakasahau stika. Elekeza simu itafsiri. Niliwahi kukuta stika inasema 131,000 kwenye gari ambalo dashibodi yake ilisema 74,000, na muuzaji amesimama pale pale ananiambia lilikuwa la bibi mmoja wa Kijapani, alikuwa analipeleka sokoni tu.

Niko Muscat, nataka kununua gari jipya. Nimesoma orodha za J.D. Power na za Wajerumani, zinapingana. Ipi ya kweli?

Zote za kweli, zinahesabu vitu tofauti. J.D. Power, kampuni ya utafiti ya Marekani, huwauliza wenye magari na kuhesabu matatizo kwa kila magari 100, orodha moja baada ya siku 90, nyingine baada ya miaka mitatu. Simu ikikataa kuungana na redio ni tatizo, sawa na gia boksi ikigoma. Ndiyo maana gari la kifahari lililojaa skrini linaweza kuwa chini huku injini yake haina neno. Wajerumani wa ADAC, chama cha wenye magari, wao wanahesabu magari waliyoyafuata barabarani yakiwa yamesimama, na zaidi ya asilimia 40 ya safari hizo ni betri tu. Kwa joto la Muscat betri ndiyo ya kuangaliwa kabla ya chochote. Wewe unanunua jipya lenye dhamana, orodha zitakufaa. Sisi wa magari ya miaka kumi na tano, tabia ya mwenye gari aliyetangulia inazidi orodha zote.

Fundi, wewe mwenyewe unaendesha nini? — Wasomaji watatu, kila mwezi

Haya, leo nakiri. Forester ya 2004, isiyo na tabo. Ndiyo, gari ninalowakataza. Injini yake imelala, pistoni zinarushiana ngumi kushoto na kulia, kwa hiyo ina hedi mbili na gasketi mbili za kuniumiza. Inatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni, na mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, injini kwisha. Kubadilisha plagi ni kazi ya mtu mwenye vidole vya kushonea.

Lakini mkanda niliufunga mwenyewe, na kilomita nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kava. Kila Jumapili asubuhi, kabla sijaiwasha, naangalia maji na kupitisha kidole chini ya hedi zote mbili. Ikivuja nitajua kabla ya jirani. Muda ninao, vifaa ninavyo, na ikinigomea Chalinze nitakaa kivulini niitengeneze. Mama watoto haya yote ameyasikia. Akienda kwao Moshi anapanda basi.