Bweni likaguliwe usiku

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu ya Kenya iliutoa mwaka 2008 hauna utata kuhusu mabweni: mlango uwe kila upande na mwingine wa dharura katikati, yote ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Katika miaka yangu ya ulezi wa bweni sikukutana na mkaguzi asiyeyafahamu haya. Shida ni kwamba wakaguzi huja saa nne asubuhi, wanafunzi wakiwa darasani, na bweni la saa nne asubuhi silo la saa nne usiku.

Kwa hiyo ninamshauri mwalimu wa zamu aingie baada ya taa kuzimwa. Atakuta masanduku ya bati yamepangwa mpaka yakaziba mlango wa katikati, kwa kuwa muhula huu wameongezwa wanafunzi na hapana pengine pa kuyaweka. Aufungue kila mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ukiwa na kufuli, amwombe matroni ufunguo na atazame saa mpaka uletwe. Katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, ambako wavulana 67 walikufa motoni Machi 2001, mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Moto ulioua wavulana 21 wa shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, nao ulizuka usiku.

Kufuli hilo huwekwa kwa nia njema, watoto wasitoroke wala wezi wasiingie, na ndiyo maana kuliondoa huzua mabishano kila mara. Shule isiyotaka kufuli haina budi kumlipa mlinzi wa usiku, na isimwachie matroni mmoja, ambaye naye ana haki ya kulala salama, watoto wa bweni zima.

Darasa la mtandaoni nalo lina usiku wake. Kundi la WhatsApp lililofunguliwa kwa ajili ya kazi za nyumbani lisimamiwe na walimu wawili, lifungwe jioni ili asiandike mtu, na mwalimu asimwandikie mwanafunzi faraghani. Utaratibu huu humkinga mtoto, na humkinga mwalimu asije akasingiziwa. Picha za wanafunzi zisichapishwe bila idhini ya wazazi: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kosa hilo.

Nambari 116, ambayo mtoto huipiga bila malipo kuomba msaada, kwa kawaida hubandikwa ofisini, karibu na meza ya yule yule ambaye huenda mtoto anamwogopa. Iandikwe ndani ya milango ya vyoo, aisome akiwa peke yake.