Kuhakiki makala ya kisayansi bila kumwonea mwandishi

Jarida liliponiomba kwa mara ya kwanza nihakiki makala, nilikesha. Makala yenyewe ilihusu vyandarua vyenye dawa na wingi wa mbu ndani ya nyumba. Nilirudisha kurasa nne za maoni, na hoja yangu ya kwanza iliwataka waandishi warudi vijijini wakakusanye mbu msimu mzima wa masika. Miaka miwili baadaye nilikuwa naandaa bajeti ya utafiti wangu: mafuta ya gari, posho za wakusanyaji, ada ya kibali cha maadili. Ndipo nilipoelewa nilichowadai watu wale. Tena hitimisho lao halikuihitaji masika hata kidogo. Walidai jambo la kiangazi, na ushahidi wa kiangazi walikuwa nao.

Siku hizi, kabla sijaandika kasoro yoyote, naandika kwa maneno yangu sentensi moja: waandishi wanadai nini? Kisha najiuliza kama data zao zinaweza kulibeba dai hilo. Nikitaka kuomba jambo ambalo haligusi dai, naliita pendekezo, na namwachia mwandishi uamuzi.

Chukua mfano huu, ambao katika fani yetu hujirudia sana. Vijiji sita, vitatu vinapewa chandarua kipya na vitatu vinabaki na cha zamani, kaya 100 kila kijiji. Waandishi wanachambua kaya 600 kana kwamba kila moja inajitegemea. Lakini kaya za kijiji kimoja hufanana: bwawa ni lilelile, mashamba ya mpunga ni yaleyale. Mfanano huo, unaopimwa kuanzia 0 hadi 1, ukiwa 0.05 tu, idadi ya kaya inabidi igawanywe kwa 1 + (99 × 0.05), yaani 5.95; hiyo 99 ni kaya 100 za kijiji ukitoa moja. Kaya 600 zinabaki na uzito wa kaya 101 hivi. Kwa hesabu hiyo, tofauti iliyoonekana kubwa inaweza kuyeyuka.

Mhakiki anaweza kuandika, “Takwimu ni dhaifu,” akaenda kulala. Mwandishi atafanya nini na neno hilo? Mimi ningeandika hivi: “Katika jedwali la 2 uchambuzi haukuzingatia kijiji. Naomba urudiwe kwa kukizingatia. Kwa kuwa kila upande una vijiji vitatu tu, hata hapo uhakika utakuwa mdogo, kwa hiyo neno ‘imethibitika’ kwenye ikisiri lipunguzwe nguvu.” Mwandishi anajua pa kushika, na mhariri anajua uzito wa kasoro.

Vivyo hivyo kwa usugu wa mbu, yaani mbu kutokufa kwa dawa. Makala ikisema mbu ni sugu kwa sababu walipopimwa kwa dawa walikufa asilimia 94, usiishie kusema si kweli. Taja kipimo: kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, usugu huthibitika vifo vikiwa chini ya asilimia 90, kati ya 90 na 97 ni dalili inayohitaji kuthibitishwa.

Kuhusu lugha nina uchungu wa miaka. Wengi wetu tunaandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, na maoni ya “mtafute mzawa wa Kiingereza awasahihishie” nimeyapokea hata pale mwenzangu mzawa alipokuwa ameshaipitia makala. Sentensi isipoeleweka, itaje ilipo na useme ulichoshindwa kuelewa. Hiyo yatosha.

Mambo mengine ni ya kuamua kabla hujakubali mwaliko. Kama mwandishi ni mshirika wako au mnagombea ruzuku moja, mwambie mhariri mapema. Kama huna siku mbili za kuisoma kwa utulivu, kataa siku hiyohiyo. Kukaa kimya wiki tatu kunamchelewesha mtu ambaye pengine anasubiri makala hiyo ili ahitimu. Muswada ni siri, kwa hiyo usiupakie kwenye programu za akili mnemba ukidhani ni msaada tu.

Na ripoti ikikamilika, ilaze usiku mmoja. Asubuhi isome kwa sauti kana kwamba mwandishi amekaa mbele yako. Wiki iliyopita nilifuta maneno mawili, “waandishi hawaelewi”, nikaandika “sehemu hii haijaeleza”. Hoja ilibaki vilevile.