Wadogo zangu wabunifu, hesabuni siku kabla ya kupamba potifolio

Wiki hii nimepitia potifolio tatu za wadogo zangu wanaomaliza shahada ya ubunifu wa michoro hapa Marekani mwezi Mei, na zote tatu ni nzuri kuliko ile niliyokuwa nayo mimi wakati wangu. Nilipowauliza habari za OPT, yaani kibali cha mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake kwa muda baada ya masomo, wawili walijibu kwamba wanasubiri kwanza wapate kazi, na wa tatu alisema amekwisha kuomba ila hakumbuki alichagua tarehe gani ya kuanza. Sikulala vizuri usiku ule.

1. OPT haiombwi kwa barua ya ajira. Dirisha hufunguka siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu na hufungwa siku 60 baada yake, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ikishaweka pendekezo lake mna siku 30 tu za kupeleka maombi. Anayemaliza Mei angeweza kuanza Februari, jamani!

2. Tarehe ya kuanza mnaichagua wenyewe, popote ndani ya zile siku 60. Mimi nilichagua siku iliyofuata mahafali, kwa sababu niliamini kwamba anayewahi kuanza atawahi kupata. Kadi ya kibali cha kazi ilinifikia mapema, nikaipiga picha na kumtumia mama, kisha nikajifungia chumbani kutengeneza upya potifolio yangu. Nilibadilisha fonti mara nne. Nilichora upya nembo ya duka la kahawa ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniomba niiguse, nikapanga kazi 22 kwa rangi, nikazipanga tena kwa mwaka, na kila jioni nilijiambia kwamba kesho nitaanza kutuma maombi. Nilijua kwamba tangu tarehe ya kuanza OPT sheria inaruhusu siku 90 tu bila kazi, lakini nilidhani zinahesabiwa siku za kazi peke yake, kumbe Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo. Nilipokwenda kumwuliza mshauri wetu jambo jingine kabisa, alifungua kalenda, akahesabu kimyakimya, akaniambia kwamba nimo katika siku ya 71. Nilitoka pale nikakaa ngazini nikashindwa hata kumpigia mama, kwa kuwa yeye alikuwa ameuza kiwanja ili nisome. Siku ya 83 nilianza kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, saa 25 kwa wiki, ambazo zilitosha kwa kuwa kinachotakiwa ni angalau saa 20 za kazi inayohusiana na fani. Potifolio niliyowaonyesha ilikuwa ile ya zamani. Ile mpya ilikuwa haijakamilika.

3. Tazameni namba ya fani kwenye I-20, ile fomu ya mwanafunzi wa kigeni mliyopewa na chuo. OPT ya kawaida ni miezi 12, na fani iliyomo katika orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) huongezewa 24, mradi mwajiri awe amejiandikisha E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya kazi. Programu mbili zenye neno ubunifu katika majina yao huweza kuwa na namba tofauti, kwa hiyo ulizeni kabla ya kujiandikisha, si baada ya mahafali.

4. Acheni kusema "tulifanya". Sisi tumelelewa hivyo, na mtu anayesema "mimi, mimi" mbele ya watu nyumbani huonekana hana adabu, lakini msaili anayeuliza kuhusu kazi ya kikundi anataka kujua mkono wako uligusa nini. Mdogo wangu mmoja alichora peke yake ramani nzima ya alama za hospitali, akaieleza kwa "sisi" mwanzo hadi mwisho, na ajira akapewa mwenzake wa kikundi kilekile. Semeni: utafiti tulifanya pamoja, alama nilichora mimi.

5. Ndani ya potifolio, kazi sita zinatosha.

6. Mkiulizwa kama mtahitaji udhamini wa viza, jibuni ukweli bila kujikunyata, kisha elezeni kwamba kwa miezi ya OPT mna kibali chenu na mwajiri halazimiki kudhamini chochote. Wakuu wengi wa studio ndogo hawalijui hilo.

Leo jioni nitumieni tarehe tatu: ya kumaliza programu, ya kupeleka maombi na ya kuanza OPT. Potifolio nitazisoma Jumamosi.