Maswali ya Wasomaji: Banka si Kisima

SWALI: Mhariri, tuna ekari 25 zilizokuwa za mkonge, upande wa Pongwe, na tunataka kutengeneza mashimo matatu ya gofu ya mazoezi (kila moja ni njia nzima ya kucheza, kutoka pa kuanzia hadi kwenye kitundu cha mpira). Katikati kuna bonde dogo linalotuama maji masika. Mkandarasi anataka apige greda shamba lote liwe sawa, kisha achimbe mabanka 20, yale mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji. Anasema uwanja tambarare ndio wa bei nafuu. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ni nafuu siku ya kwanza tu. Ardhi iliyosawazishwa haina pa kupeleka maji, na kila shimo la mchanga mtakalochimba humo litageuka kisima ikifika Aprili. Msanifu wa viwanja vya gofu Pete Dye alipopewa kinamasi bapa cha kujenga uwanja wa TPC Sawgrass huko Florida, Marekani, ilibidi achimbe na kurundika udongo ili apate vilima. Shimo kubwa lililobaki baada ya kuchota mchanga ndilo likawa maji yanayozunguka grini (eneo la nyasi fupi lenye kitundu cha mpira) maarufu ya shimo la 17. Ninyi vilima na bonde mnavyo bure, kwa hiyo msilipe mtu aviondoe.

Anzeni kwa kutembea shambani mvua inaponyesha, mkiwa na vigingi na chokaa. Pigeni kigingi kila maji yanapoingia, yanapotuama na yanapotokea. Baada ya hapo mpima achore ramani ya miinuko, mstari kwa kila nusu mita ya kimo. Grini zikae juu, zikiwa na mteremko wa asilimia 2 hadi 3. Bonde liacheni likate njia ya mpira kwa mshazari: anayethubutu alivuke kwa pigo refu, mwenye hofu alizunguke. Kizuizi hicho peke yake kinashinda mabanka sita.

Kwa mashimo matatu, mabanka matano yanatosha. Yachimbeni kwenye uso wa mwinuko unaomtazama mchezaji, ayaone tangu anapoanzia. Banka lisiloonekana humwonea tu, halimpi cha kuamua. Na msisahau upepo. Shimo linaloelekea kusini hupigwa dhidi ya upepo wakati wa kusi, na kaskazi ikivuma mpira unasukumwa mbele. Banka moja mita 200 kutoka pa kuanzia litakuwa pambo kwa nusu ya mwaka. Wekeni mawili yaliyopishana, moja mita 170 na jingine mita 210, pande mbili tofauti za njia.

Kabla ya kuchimba lolote, fukueni mashimo ya majaribio ya mita moja na nusu. Ukanda wenu umekaa juu ya mawe ya chokaa (mapango ya Amboni yasingekuwepo bila hayo), na kijiko kikigonga mwamba baada ya sentimita 40, ni rahisi zaidi kulihamisha banka mita kumi kuliko kuleta nyundo ya kupasulia.

SWALI: Banka letu la mbele ya grini hujaa maji kila mvua, na mchanga umekuwa wa kijivu kama majivu. Tumebadilisha mchanga mara mbili. Tatizo ni mchanga?

JIBU: Hapana, na mkibadilisha mara ya tatu mtapoteza tena. Maji ya grini yanateremkia ndani, yakibeba udongo wa kingo, na udongo huo unaziba mchanga. Toeni mchanga wote. Kwanza inueni ukingo wa juu kwa tuta la nyasi la sentimita 15 hivi, ili maji yapite pembeni. Kazi hii hurukwa mara nyingi kwa sababu haionekani kuwa kazi.

Kisha chimbeni mtaro wa katikati wenye matawi, kama mifupa ya samaki, kina sentimita 30 na upana 20. Lazeni bomba lenye matundu la sentimita 10 kwa mteremko wa angalau asilimia 1, lizungushieni kokoto ndogo zilizooshwa, na mdomo wake utokee mahali pa chini zaidi, si kwenye shimo lililofukiwa. Mwageni pipa la lita 200 kabla ya kurudisha mchanga. Maji yasipotoka haraka upande wa pili, fukueni upya.

Mchanga uwe sentimita 12 sakafuni na 5 au 6 kwenye uso wa mteremko. Banka la mita za mraba 80, sakafu ikiwa 50, litakula mita za ujazo 8. Agizeni 9, maana mchanga hushindiliwa. Uso ukiwa mkali sana mvua itaushusha mchanga wote chini. Pandeni nyasi usoni, mchanga ubaki sakafuni.

SWALI: Kwa nini tusichote mchanga wa ufukweni? Uko karibu na hauna bei.

JIBU: Bei iko palepale: ufukwe unaoliwa mchanga huliwa na bahari. Kwa gofu pia haufai. Chembe zake zimesuguliwa na mawimbi hadi zikawa duara, kwa hiyo hazishikani, na mpira huzama nusu. Una chumvi inayounguza nyasi za ukingoni, na vipande vya kombe na matumbawe vinavyosagika kuwa unga. Tafuteni mchanga wa mto wenye chembe zenye kona, uoshwe, upitishwe kwenye chekeche la milimita 2. Jazeni nusu chupa ya kioo, ongezeni maji, tikiseni, acheni nusu saa. Maji yakibaki na matope, urudisheni kwa muuzaji.

SWALI: Tunaweza kujenga mabanka yenye kuta za nyasi zilizopangwa kama matofali, kama ya St Andrews, uwanja mkongwe wa Uskoti?

JIBU: Mnaweza, kwa msimu mmoja. Kule St Andrews ardhi ni ya mchanga, maji hayasimami, na hata hivyo kuta hizo hujengwa upya kila baada ya miaka michache. Kwa masika ya Tanga ukuta huo utalala chini.